Uzi wa Kijani, Rafu ya Tatu

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Nimeungua! Pasi ya mvuke imenilamba kiganja chote cha kulia. Nimemwomba tajiri wetu wa dobi anipeleke zahanati, na siku tatu nipumzike. Akasema asiyekuwa kwenye orodha ya wafanyakazi wake haugui. Mwaka wa pili huu namfulia, na orodha yenyewe sijui hata rangi yake. Wifi yangu, anayemshonea fundi na mkataba wake kautundika ukutani kama picha ya harusi, kaniambia mtu asiye na karatasi za kuishi hapa hana haki, ninyamaze. Kitinda mimba wangu kanipuliza kidonda, akatangaza kimepona. Nimemshukuru daktari wangu.

Jumanne, tarehe 5
Mkaguzi wa kazi yuko mtaani! Tajiri katufundisha: akiingia, sisi tusioandikwa tuvue aproni, tukae kwenye benchi kama wateja. Nimepata akili. Nitakuwa mteja kuliko wateja wote, tajiri afurahi, anipe siku zangu. Nimeazima mkoba wa wifi. Kanionya nisiukwaruze.

Jumatano, tarehe 6
Mkaguzi kaingia saa nne. Mimi huyo kwenye benchi, mguu juu ya mguu, kiganja nimekificha mkobani. Nikalalamika kwa sauti kwamba hapa wanachelewesha nguo. Tajiri kanikonyeza. Mambo yananyooka! Mara akaja mwalimu kuulizia suruali yake, ana mahafali mchana. Tajiri kapekua hadi jasho likamtoka, haioni. Angeionaje? Alama za nyuzi kwenye nguo za wateja natia mimi. Nikamwonea mwalimu huruma, mdomo ukanitoka.
"Uzi wa kijani, rafu ya tatu, nyuma ya mashuka. Na zipu nimeshakurekebishia, mwalimu."
Mkaguzi akaomba kuuona mkono uliomo mkobani. Nikaangua kilio: sina karatasi, nina watoto, asinirudishe nilikotoka. Akanivutia kiti.
"Mama, sikuulizi umetoka wapi. Nauliza umefanya kazi wapi. Aliyefanya kazi ana haki zake."

Ijumaa, tarehe 8
Nimo kwenye orodha! Tajiri kaniandika mwenyewe, uso kaukunja kama shati lisilopigwa pasi. Zahanati kanipeleka, na siku saba nipumzike, si tatu. Nimempitia wifi makusudi, bendeji mbele. Raha iliyoje!

Jumamosi, tarehe 9
Siku ya kwanza ya mapumziko. Nimeutazama ukuta hadi saa tatu. Wifi kaja mbio: fundi wake kalemewa na sare za shule, anatafuta mtu wa kukata nyuzi wiki hii, kimyakimya, hakuna kuandikishana. Nimesema mkono wa kushoto ni mzima. Wifi kauliza, mkaguzi je? Nimecheka sana. Safari hii sifungui mdomo. Akitokea, nimekuja kuchukua sare ya mtoto.
Mkoba bado ninao.