Ombi la Kubadilishiwa Meya wa Vējkalne

Kwa Ndugu Mhariri, pamoja na mke wako, maana najua ndiye anayesoma barua kwanza,

Natumai theluji haijawafunika huko Riga. Sisi wa Vējkalne tunaendelea vizuri, ila tuna meya. Jina lake Tālivaldis Skudra, na namlalamikia kama ifuatavyo.

1. Uaminifu umemzidi. Enzi tulipotawaliwa na Moscow alikuwa mwenyekiti wa shamba letu la ushirika, na kila kiongozi alipofariki kule, yeye alilia hadharani. Uhuru uliporudi, wa kwanza kupanda juu ya paa la halmashauri na bendera yetu ni yeye, analia tena. Mke wangu Velta akamvaa sokoni: "Tāli, ile nyekundu ya Moscow umeipeleka wapi?" Akajibu bila hata kupepesa macho, "Ipo, shemeji. Kitambaa kizito kile, kinafaa pazia."

2. Vyama. Alianza na cha wakulima, akaenda cha kijani, sasa yumo cha familia, ingawa ametalikiwa mara mbili. Kila chama kilipozama, yeye alikuwa ameshuka jana yake. Kipaji hiki kinapotea bure kwetu. Naomba ahamishiwe idara ya utabiri wa hali ya hewa, ambako wanakosea kila siku.

3. Shule niliyofundisha jiografia maisha yangu yote ameifunga. Alituita ukumbini akasema, "Wazazi wangu, mimi nina shule, ninyi hamna watoto. Nani hapa hajatimiza wajibu?" Ndugu Mhariri, watoto tulizaa. Wako Ireland wanachuma uyoga, kwa sababu kazi alizowaahidi hawajaziona mpaka leo. Binti yetu naye yuko huko. Darasa langu sasa ni makumbusho ya maisha ya meya: picha yake na ng'ombe, picha yake na askofu. Ramani zangu ziko chooni, zimeziba dirisha lililovunjika.

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Sikukuu ya Līgo, usiku wa katikati ya kiangazi, kwenye moto, wanawake wetu wana haki ya kumwimbia mtu yeyote mafumbo na kumchana mbele ya watu. Velta alitunga wimbo mkali: meya ana shule nzima, mwanafunzi ni yeye peke yake, na bado anafeli. Watu walicheka mpaka bia zikamwagika. Nikamtazama Skudra nikijua leo kapatikana. Akacheka kuliko wote! Akapiga makofi, akaomba urudiwe. Wiki iliyofuata ukawa wimbo wake wa kampeni. Ametunyang'anya shule, tukanyamaza. Sasa hata matusi yetu anatumia yeye?

Kwa hiyo naiomba serikali, kupitia gazeti lako tukufu, itupatie meya mwenye haya. Hata wa mtumba tutampokea. Akikosekana, basi kiti kibaki wazi. Kiti hakicheki mtu akikitukana.

Wasalimie wapiga chapa, msambazaji, na yule dada wa simu aliyenikatia mara tatu.

Ni mimi, nisiye na cheo na nisiyekihitaji,
Gunvaldis Strazds,
mwalimu mstaafu.

N.B. Nilikuwa sijaituma barua hii Velta alipoteleza kwenye barafu akavunjika nyonga. Watu wa gari la wagonjwa wakasema barabara imefungwa na theluji, tusubiri. Aliyekuja ni Skudra, juu ya trekta lake mwenyewe, koti juu ya pajama, akiisukuma theluji njia nzima. Alimbeba Velta mikononi kama bibi harusi. Mpaka tunafika hospitali alikuwa anajisifu tu, hakupumzika hata kidogo. Pale mapokezi akamfokea daktari: "Huyu mama ni adui yangu mkubwa kisiasa! Akifa, nani ataamini si mimi niliyemuua?" Velta akaingizwa kabla ya wote.

Anaendelea vizuri. Kila nililoandika hapo juu ni kweli, sifuti hata nukta. Ila naomba, Ndugu Mhariri, uichape baada ya uchaguzi.