Jeli Ngumu ya Goti la Mbuzi

Jumatatu, 9 Juni 2025, Mbinga

Baridi kali. Dakta Scholastica katutangazia: nafasi ya mafunzo Morogoro ni moja, wasaidizi wa maabara ni wawili. Mimi na Tumpe! Kila mmoja apike jeli, apande humo seli za gegedu la mbuzi, ule mfupa laini wa kwenye viungo. Seli zitakazostawi zinakwenda na jeli yake kwenye goti la mbuzi mgonjwa, na mpishi anapanda basi. Nimeshampigia mama kule Kigonsera kumwambia nimepita. Jumuiya nzima imeanza kuniombea safari.

Jumanne, 10 Juni

Nimechungulia jeli ya Tumpe. Inatetemeka! Uji wa mgonjwa. Goti la mama linalia kila akipanda mlima kwenda shamba la ngolo, lile la mashimo, leo mbuzi umwekee uji? Yangu nimeiongezea unga wa jeli mara tatu ya kipimo, kimyakimya. Nikabonyeza kwa kidole gumba, kama ugali. Imesimama! Tumpe akauliza mbona nacheka peke yangu. Nikasema ni kikohozi.

Alhamisi, 12 Juni

Balaa! Kwenye hadubini seli hai zinang'aa kijani, zilizokufa nyekundu. Za Tumpe kijani kitupu. Zangu nyekundu pyu! Kumbe Dakta alishasema: jeli ikikaza mno seli zinabanwa, hazitengenezi gegedu, ikilegea mno haibebi uzito. Nilidhani anamsema Tumpe. Mama kashachinja kuku wa kuniaga. Tumpe alipotoka kunywa chai, nikabadilisha lebo za visahani. Mungu anisamehe, lakini kuku ameshaliwa.

Ijumaa, 13 Juni

Matokeo. Dakta akanipongeza. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kisha akainua kisahani chenye jina la Tumpe, akakikodolea macho. Akauliza nani kabonyeza humu kwa mkono mtupu. Alama ya kidole gumba, na kovu langu la jembe katikati! Jeli laini isingeitunza. Akataka tuoneshe vidole. Vya Tumpe safi. Mimi nikasema changu nimekisahau nyumbani.

Jumapili, 15 Juni

Tumpe kaondoka jana. Alinipa mkono, akanipa pole. Roho iliniuma kweli. Mama nimemwambia basi limeharibika. Dakta kanihurumia: kesho nirudie, jeli laini, glavu mikononi, na nimwandikie nilichojifunza.

Nimetafakari misa nzima. Nimejifunza. Unga mara nne, na nitabonyeza kwa gumba la kushoto. Hilo halina kovu.