Pantaleo na Vita vya Ukoka wa Ibadakuli

Njooni, enyi wenye masikio, na aliyebeba ndoo aitue, mpate kusikia habari za Pantaleo, simba wa Ibadakuli, mkomesha madimbwi, aliyevuta maji kutoka mashimo ya dhahabu ya Geita kwa miaka kumi na miwili, na ambaye kiangazi hiki aliapa kustawisha ukoka mbele ya nyumba yake.

Mwisho wa mwezi angekuja mkwewe, Mzee Ngassa wa Songwa, mwenye ng'ombe tisini, ambaye tangu harusi hajamsifu kwa lolote. Pantaleo alitamani sifa moja tu, hata ya kuokoteza, na kuikosa kulimuuma sana.

Basi shujaa akachora ramani nyuma ya kalenda, akapandisha simtanki juu ya matofali, akatoboa mpira wa maji matundu mia na arobaini kwa msumari, akauchonga uwanja kwa mteremko uleule wa mgodini. Kisha akahutubia: "Enyi maji, mlionitii nilipowafukuza mashimoni, leo nawaita nyumbani! Shambulieni!"

Akafungua koki. Maji yakatii, yakapita juu ya ukoka mbiombio, yakaenda kumwagilia barabara. Yalikuwa maji ya wiki nzima.

Mkewe Scolastika alisimama mlangoni na sufuria kavu. "Baba Vumilia, unamwagilia au unakausha? Mkono wako umezoea kutoa maji tu. Ujengee ukoka jaruba, kama mpunga."

Akatwaa jembe, akainua kingo za udongo pande zote nne, kama afanyavyo shambani kila mwaka. Ndoo mbili zilizosalia zikatuama, ardhi ikazinywa taratibu. Shujaa, kwa ushujaa usiosemeka, alimshikia kandambili.

Siku ikafika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Mzee Ngassa akauzunguka ukoka, mbichi kabisa, mpana kama mikeka miwili. Akachuma jani, akalitafuna.

"Mkwe wangu, nimezunguka Kishapu yote, sijaona ngitili iliyotunzwa hivi. Wabeja, asante sana! Kesho namleta ndama wangu mgonjwa, ale hapa."

Ngitili! Malisho ya kufungiwa hadi kiangazi! Bustani ya urembo ikafa palepale, naye Pantaleo akalengwalengwa na machozi ya furaha.

Na vizazi vijue kwamba Jumapili ile, saa kumi na nusu, Pantaleo alisifiwa na mkwewe, akakimbilia jembe, akabomoa kwa mikono yake ukingo wa upande wa geti, ndama apate pa kupita.