Fidia ya Wa Mwisho

Mheshimiwa alipoliona lile benchi la hospitali, aliona mambo mawili kwa mpigo: kwamba mkewe hatamfikia daktari siku ile, na kwamba walioketi mbele walikuwa na sura za watu wanaopenda vya bure.

Mheshimiwa hakuwahi kuchaguliwa na mtu yeyote. Jina alipewa mtaani kwa ajili ya suti yake ya kijivu na mdomo usio na breki. Kwa mdomo huo aliwahi kumuuzia mwalimu mmoja kiwanja ambacho mwalimu huyo mwenyewe alikuwa ameshakijenga na anaishi humo na familia. Lakini asubuhi ile alikuwa amemshika mkewe mkono, na hakutaka kuuachia.

Benchi lilianzia mlango wa kushoto, wenye kibao cha daktari bingwa wa tezi, likaishia mlango wa kulia, usio na kibao chochote. Bingwa alikuwa akija mara moja kwa mwezi, na ikigonga adhuhuri huondoka, foleni iishe isiishe.

Mkewe alijibanza mwisho kabisa, akiegemea ule mlango usio na kibao. Alivaa sweta, na nje jua lilishaanza kuchoma mabati. Huyu ndiye mwanamke ambaye kicheko chake kilikuwa kikimwamsha jirani. Siku hizi anasinzia akimenya viazi, nywele zinabaki kwenye chanuo, sauti imekwaruza na shingo imevimba kwa mbele. Daktari wa zahanati aliibonyeza shingo ile akasema huenda kinga ya mwili imekosa adabu, badala ya kupigana na maradhi inaishambulia tezi yake yenyewe. Huenda. Bingwa ndiye atakayejua, na damu ipimwe. Mheshimiwa alikuwa amewalisha wanawe kwa kuuza hilo neno "huenda", na sasa alipouziwa yeye, hakulala vizuri tena. Aliogopa, basi.

Akaanza na wa kwanza. Alikuwa mama mmoja mwenye mwili mkubwa, bangili hadi karibu na kiwiko, chupa ya chai miguuni. Mji mzima ulimwita Mama Saruji kwa biashara yake, na ilisemekana akikuuzia saruji hudai umrudishie mfuko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Foleni inaanzia kule nyuma."

"Mimi si mgonjwa, mama. Niko kitengo cha fidia."

Mama Saruji alimpima kuanzia viatu. "Fidia ya nini?"

Mheshimiwa akainama na kupunguza sauti, maana alijua siri hufika mbali kuliko tangazo. "Ya kusubiri. Wafadhili wamesikia wagonjwa wanateseka na foleni. Leo watakaoingia mwisho watapewa kifuta jasho. Wanaoingia mapema wamechoka nini? Hawapati kitu. Nakwambia wewe tu, umefanana mno na mama yangu mdogo."

"Kwa hiyo aliye mwisho ndiye anayelipwa?"

"Wa mwisho kabisa ndiye anayepata kinono."

Mama Saruji akatazama tena sakafuni. Maji membamba yalikuwa yakichuruzika chini ya mlango wa daktari, yakamlowesha Mheshimiwa kiatu. Mheshimiwa alisogeza mguu bila kukatiza maneno, akidhani ndani kuna mtu anadeki.

"Mungu akubariki, mwanangu," mama akasema, akabeba chupa yake.

Mheshimiwa alimwahi mkewe, akamwinua na kumleta mbele. Nyuma yao Mama Saruji akaketi pale pale alipotoka mke wa Mheshimiwa, mahali bado pana joto, akauegemea mlango. Waliokuwa karibu naye kule mbele walishaisikia siri yote. Wakamfuata mbiombio, wakabanana kando yake wakigombea mwisho, lakini mwili ule haukuwa wa kusukumwa.

Hapa inafaa tunyamaze kidogo kwa heshima ya kazi safi. Hakuna aliyetukanwa wala kuibiwa, na mke wa Mheshimiwa alikuwa wa kwanza.

"Umewafanya nini watu wa watu?" mkewe akauliza kwa ile sauti ya mikwaruzo.

"Nimewaomba kistaarabu."

"Wewe hujui kuomba."

Mlango ukafunguliwa. Wa kulia.

"Samahanini," nesi akasema. "Bomba la chumba kile limepasuka, daktari yuko huku. Foleni inaanzia huku. Wa kwanza aingie."

Mama Saruji akasimama na kujipangusa gauni.

"Mama," Mheshimiwa akamkimbilia, "umesahau fidia?"

"Mwanangu, jana fundi bomba alinunua saruji kwangu ya kuziba ukuta wa chumba kile. Nilipoyaona maji nikajua kazi imemshinda, na chumba kingine cha kuhamishia daktari ni hiki tu. Nilikuwa nawaza nitahamiaje mlango huu bila kugombana na watu, ndipo ukaja wewe. Na mkeo akaniachia kiti."

Mheshimiwa akaliangalia benchi. Wangetulia walipokuwa, mkewe angekuwa wa kwanza. Ameingizwa mjini, tena nauli amelipa mwenyewe.

Kule mbali, mkewe alikuwa ameelewa. Mabega yakaanza kumtikisika chini ya sweta, kikatoka kicheko kibovu, chenye kutu, kikamtoa machozi. Mama Saruji, mkono umeshagusa kitasa, akageuka. Akalitazama sweta, kisha shingo.

"Huyu anasumbuliwa na nini?"

Mheshimiwa alifungua mdomo adanganye kwamba huyu ni mke wa balozi. Balozi hakutoka mdomoni. "Anaona baridi, mama. Anasinzia hata akiwa amesimama. Kicheko hicho sijakisikia tangu mwaka jana. Naogopa."

"Mbona hukuniambia hayo tangu mwanzo? Ningekupisha."

"Hayakunijia akilini," akasema Mheshimiwa, na ilikuwa kweli tupu.

"Mlete aingie. Uvimbe wangu ni wa siku nyingi, haunikimbii. Ila bure sina. Utabeba saruji dukani kwangu mpaka ghala liishe."

"Na suti hii, mama?"

"Njoo nayo. Saruji haichagui."

Nesi akauliza kama wengine wanaridhia. Wote walisisitiza yule mama wa sweta atangulie, kisha wakaanza kusihiana: tangulia wewe, hapana ndugu yangu, wewe kwanza. Nesi alikuwa hajawahi kuona wagonjwa wenye adabu kiasi hicho.

Mkewe alitoka baadaye na pamba kwenye mkunjo wa mkono.

"Amesemaje?"

"Inaelekea ni kama alivyosema yule wa zahanati. Majibu ya damu ndiyo yatakayothibitisha. Ikiwa ndivyo, nitameza kidonge kila asubuhi kabla ya kula, labda maisha yangu yote. Nitarudi kuwa mimi, polepole." Akajifunga kitambaa cha kichwani vizuri. "Ameuliza pia mume wangu anafanya kazi gani."

Mheshimiwa akanyoosha kola. "Ukamjibuje?"

"Mbeba saruji."

Mheshimiwa akaishusha kola. Mkewe akaangua kicheko tena, na mzee mmoja aliyekuwa amesinzia mwisho wa benchi akashtuka, akaamka.