Fufu ya Wamaza na Sura ya Emilienne

Habari iliyowasha benchi la Mama Mwamvita asubuhi ile haikutoka redioni. Ilitoka Bukavu, juu ya pikipiki, imefungwa kwa plastiki: kipande cha katoni ya kijivu kisichozidi kiganja.

"Flashi amefika!" alitangaza Grégoire, anayeitwa Ministre kwa sababu hana kazi lakini kila jambo la Kasongo liko chini ya wizara yake. "Amekula matope, amesukuma pikipiki kuliko pikipiki ilivyomubeba. Na ametuletea nini? Katoni! Tena haina hata maandishi!"

Flashi ni Nathanaël, mpiga picha. Studio yake ni kibanda kilichogusana na benchi la kahawa, kwa hiyo matusi humfikia yakiwa bado ya moto.

"Ni kadi ya kijivu, Ministre. Unaiweka karibu na mutu, unapiga foto, halafu mashini inajua mwanga ulikuwa wa namna gani. Rangi zote zinakaa pahali pao."

"Kumbe miaka yote mashini yako ilikuwa haijui? Ndiyo maana kwa ndoa ya Sifa tulitoka wote kijani kama majani ya sombe!"

"Na kwa nini kijivu?" aliuliza Mahamudu, akinyoosha mikono ya vazi lake. Wanamwita Papa Kanzu. Hakuna siku utakayomkuta na doa. "Ungeniuliza miye. Unatafuta weupe wa kupimia? Niko hapa. Toka Kasongo mpaka Kabambare, nionyeshe kitu cheupe kupita hii kanzu."

"Mufuko wa Ministre," alisema Mwamvita, akimimina kahawa. "Mweupe pee."

Benchi zima lilicheka, isipokuwa Christophe. Yeye wanamwita Kimya. Alikaa mwisho wa benchi, simu mikononi, ameishika kama mtu aliyebeba yai. Mkewe, Emilienne, walimzika mwaka jana. Jumapili inayokuja ilikuwa misa yake ya kutimiza mwaka, na picha iliyobaki ilikuwa moja tu, ile aliyopiga Flashi kwenye harusi kule Wamaza, chini ya bashi, lile turubai la buluu. Jua lilipita kwenye turubai likampaka Emilienne buluu toka paji la uso hadi vidole. Juzi Christophe alimwonyesha binti yao, Elsa, aliyekuwa bado mdogo sana mama yake alipofariki. Mtoto aliangalia mara moja, akakimbilia nyuma ya bibi yake.

"Flashi," alisema Christophe. "Hiyo kadi yako, iweke kwa hii."

Flashi aliitazama simu, akakuna shingo. "Yaya, kaka yangu, kadi ilitakiwa kuwa pale siku ile, karibu naye. Sasa haiwezi kurudi Wamaza."

"Hata serikali haiwezi kurudi Wamaza," alisema Ministre. "Njia imekufa."

"Lakini," Flashi aliendelea, akifungua kompyuta yake juu ya meza ya kahawa, "tukipata ndani ya foto kitu ambacho kilikuwa cheupe kabisa ao kijivu kabisa, kisichochanganyika na rangi ingine, nitakigusa. Mashini itaondoa buluu yote kwa kufuata kile."

Picha ilipotokea kwenye kompyuta, Papa Kanzu aliruka. Alikuwa pale, bega kwa bega na Emilienne, kanzu imenyooka.

"Mungu ni mukubwa! Gusa kanzu! Kazi imeisha!"

Flashi aligusa kanzu. Kanzu ikawa nyeupe pee, na Emilienne akawa rangi ya machungwa.

"Ameiva!" alipiga kelele Ministre. "Umemutoa kwa bashi, umemutupa kwa mawese!"

"Mashini ni ya uongo," alisema Papa Kanzu.

"Papa, unafulia na nini?" aliuliza Flashi kwa heshima.

"Sabuni."

"Na nini?"

"Na maji. Unataka nifulie na nini, na pombe?"

"Na bulu!" alidakia Mwamvita. "Kila siku ya soko anamaliza bulu ya kufulia kwa duka la Rehema. Anaitia mpaka beseni inakuwa wino!"

"Bulu kidogo ndiyo weupe wenyewe! Muulize mutu yeyote!"

"Jicho linakubali, Papa," alisema Flashi. "Mashini inakataa. Kanzu yako ilikuwa buluu hata kabla ya bashi."

Papa Kanzu alikunja mikono yake kwapani, kama mtu aliyekutwa uchi.

"Basi inabaki fufu," alisema Ministre, akisogeza kidole kwenye sahani iliyokuwa mbele ya Emilienne. "Ile fufu nilikula. Muhogo mutupu, kijivu kama katoni ya Flashi."

"Ushindwe!" Mwamvita aliweka birika chini kwa kishindo. Yeye ndiye aliyepika Wamaza. "Ile fufu ilikuwa ya mahindi. Familia ya bwana arusi walitoa gunia nzima! Ilikuwa manjano kama kifaranga. Mukiigusa mutaharibu sura ya mwenzenu."

"Manjano? Mama, tulikula, ama tulikuwa tunaota?"

"Weye ulikuwa umelewa!"

"Nilikuwa nimelewa, lakini meno yangu yalikuwa macho!"

Flashi aliondoa kidole. Kama kulikuwa na mahindi, fufu ingedanganya kama kanzu ilivyodanganya.

Christophe aliinua kichwa. Benchi lote lilimgeukia, kwa kuwa Kimya akitaka kusema watu husubiri.

"Mama Mwamvita. Siku ile Emilienne alikula yote, akaomba ingine. Kwa njia ya kurudi aliniambia ile fufu ilikuwa ya nini, akaniambia nisiseme, kwa sababu weye unalisha yatima wa dada yako. Sikusema. Hata leo sitasema." Aliiweka simu mezani. "Lakini Elsa anamuogopa mama yake."

Mwamvita alishika birika, akaliacha, akafuta mikono kwenye kitenge chake ingawa ilikuwa mikavu.

"Gunia lilibaki kwangu," alisema. "Watoto walikula mahindi mwezi muzima. Fufu ilikuwa muhogo mutupu, hata chembe ya mahindi hakuna. Gusa, Flashi, kabla roho yangu haijageuka."

"Haya, wizara yangu inafungua uchunguzi..." alianza Ministre.

"Utakunywa maji ya moto bila kahawa leo, Ministre."

Uchunguzi ulifungwa.

Flashi aligusa fufu. Buluu ilitoka kwenye picha yote kwa mara moja. Kanzu ya Mahamudu ilibaki nayo peke yake, na Ministre akanong'ona kwamba Papa amevaa rangi ya Bikira Maria, imamu aambiwe. Katikati ya picha alikaa Emilienne, na weusi wake ule wenye wekundu kwa ndani, kama ngazi, tunda la mchikichi, linapoanza kuiva, tonge mkononi, akijizuia kucheka.

Christophe alisogea karibu na kioo cha kompyuta mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. "Ni yeye," alisema.

Flashi alipumua. Mkono wake, kwa mazoea, ukateleza pembeni ya kioo. "Nimung'arishe kidogo usoni, awe mweupe, yaya? Wateja wote wananiomba hivyo."

Mwamvita alimpiga mkono kwa kijiko cha sukari.

"Ondoa! Mutoto anatafuta mama yake, weye unataka kumupa mama wa nani?"