Mguu Wangu kwenye Mizani ya Kanali

Jumatatu, 3 Machi
Bila mimi, kliniki ya wanyama ya mtaa huu ingekwishafungwa. Leo daktari mwenyewe kanipokea mlangoni. (Alikuwa anafunga, lakini kupokea ni kupokea.) Nilimpeleka Kanali, mbwa wa mpwa wangu. Saratani ya tezi, ile kali. Shingo imevimba kana kwamba kameza ndimu mbili. Daktari akaeleza kuwa atapewa dawa kadhaa kwa zamu, wiki hii moja, wiki ijayo nyingine, ili saratani ikikwepa hii, ile iikamate. Nikamwambia ndivyo nilivyokuwa nikipanga mabeki enzi zangu za mpira. Hakuuliza timu gani. Wivu.

Jumanne, 4 Machi
Kanali katapika, kisha kala. Mpwa wangu kalia jikoni, akidhani simwoni. Nikamwambia aniachie mimi. Maana nimegundua siri: kipimo cha dawa hutokana na uzito! Mbwa mzito, dawa nyingi. Dawa nyingi, kupona upesi. Na wasomi wote wale hawajaiona!

Jumatatu, 10 Machi
Zamu ya dawa ya pili. Kanali kapanda mizani, nami nikaegesha kisigino pembeni, taratibu kama mwizi wa kuku. Uzito ukapaa. Daktari akatazama namba, akatazama mbavu za Kanali, akatazama kiatu changu.

"Mzee, toa mguu. Dawa hii ikizidi, damu yake haitaweza kupigana na ugonjwa wowote. Utamuua."

Nikasema nilikuwa nanyoosha goti. Mpwa wangu, aliyekuja nasi, akanishika mkono kama mtoto, akanitoa penye mizani. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 12 Machi
Tezi zimenywea! Kanali kaiba kiatu changu, kakitafuna uani kwa raha zake. Nimewatangazia majirani kuwa tiba imekubali chini ya usimamizi wangu. Mpwa kanipiga marufuku kliniki. Jioni kapoa, kaniletea chai.

"Mjomba, wewe kaa naye tu. Inatosha."

Kukaa tu! Mtu wa hadhi yangu!

Alhamisi, 13 Machi
Mpango mpya. Mizani siigusi. Nitamlisha Kanali maini kwa siri mpaka anenepe, uzito wa halali kabisa. Daktari atasema nini hapo?

Niandike na hili, kwa kuwa hakuna asomaye. Lazima apone. Katika nyumba hii ni yeye peke yake anayesikiliza nilivyomzaba chui kofi, mpaka mwisho. Wengine huanza kuosha vyombo.