Plagi za Kung'aa na Mama Mkwe

Leo nimeaibika mbele ya mama mkwe. Na mbuzi zilikuwa zinaangalia.

Leo ndio nilikuwa napeleka ntheo. Kama wewe sio Mkamba, ntheo ni zile mbuzi tatu za kwanza. Zikikataliwa, huna bibi, hata kama mmekaa naye na mna watoto. (Mimi niko na wawili. Presha ni yangu.)

Asubuhi pickup yangu inakohoa. Fundi wangu hapa Emali akaangalia akasema, "Kilonzo, plagi zimekwisha, hazitoi cheche. Nunua zile kampuni ya gari imesema. Ukikosa, za kampuni ingine ni sawa, bora ziwe zimetengenezewa hii engine."

Nikaenda duka. Za kampuni ziko kwa karatasi ya huzuni, rangi ya majivu. Kando yake kuna zingine, wacha! Dhahabu tupu. Zinang'aa kama kiatu ya pasta.

"Hizi zinaingia gari gani?"

"Zote," muuzaji akasema.

Zote! Nikachukua. Mtu anaenda ukweni na plagi ya huzuni kweli?

Fundi akaziona akashika kiuno. "Hizi si za hii gari."

"Funga tu. Zimeingia, hazijaingia?"

"Hata mguu yako inaingia kwa gumboot ya babako."

Akafunga. Tukapakia mbuzi nyuma, tukaondoka. Mwanzo gari ilipaa! Nilipita ndege angani. (Sawa, nilipita punda.) Lakini kutoka Wote kwenda mbele ikaanza tku, tku, tku. Mjomba Muthama, ndiye msemaji wetu, akauliza polepole, "Hii gari imeshikwa na kifua?"

"Inazoea plagi, mjomba."

Tukafika Kabati, huko Kitui. Boma ya wakwe iko juu ya kamlima. Akina mama wametoka kwa geti wakiimba, vigelegele hadi mawinguni. Gari ikapanda nusu, ikazima. Wimbo nayo ikazima.

"Wui! Tuwasukume!" mama mmoja akasema. Wakaja wote nyuma ya gari.

Sasa sikia. Kwetu wewe na mama mkwe mnaheshimiana kabisa. Hamgusani. Hata kumwangalia, unaangalia chini. Kwa hivyo mimi, kijana wa adabu, nikakataa kuangalia kioo ya nyuma. Nikaangalia magoti yangu. Nikawasha, nikakanyaga mafuta.

PAAA!

Walahi nilidhani Kitui imepasuka. Mbuzi moja ikaruka ikaingia shamba ya pojo. Mjomba akalala chini ya dashboard. Moshi mweusi ukatoka kwa ekzosti, na mtu alikuwa amesimama hapo hapo karibu kabisa, na nguo nyeupe ya kanisa.

Mama mkwe.

Alikuwa amekaa kwa vumbi, mweusi kuanzia kifua kushuka. Nikaruka nje. Akili ikabaki kwa gari. Nikamshika mkono nikamwinua, nikaanza kumpanguza. Kwa mikono yangu! Mbele ya ukoo mzima!

Akina mama wakafunika midomo.

"Amemshika," mzee mmoja akasema, kama mtu anasoma tanzia.

Mama mkwe akafunika uso na leso akakimbia kwa nyumba. Mabega yanatingika. Sijui ni kilio, sijui ni kicheko. Mimi nikabaki nimeinua mikono kama mwizi.

Wazee wakaenda kando. Nikaona bibi yangu kwa dirisha, ameshika kichwa. Mjomba akaitwa. Wakaongea mpaka nikasahau jina yangu. Halafu baba mkwe akakuja, uso kavu kama mwiko.

"Mbuzi tatu tumekubali, hata ile ilikimbilia pojo."

Nikapumua.

"Lakini umeshika mama. Utaleta ingine ya kuosha hiyo aibu."

"Sawa, baba. Nitaileta na gari—"

"Hapana! Hiyo mbuzi itakuja na miguu. Na wewe pia."

Sasa niko hapa Kabati natafuta zile plagi za huzuni. Tafadhali msicheke. Atakayecheka ndiye atachanga hiyo mbuzi.